Upasuaji wa uvimbe wa kinywani kwa sungura, simbilisi na kalunguyeye

Sungura mwenye uvimbe kinywani haachi kula ghafla. Huanza kwa kuchagua: majani magumu anayaacha, matembele laini anayataka. Baadaye anadondosha alichokwisha kutafuna, kidevu kinalowa mate, na manyoya ya miguu ya mbele yanagandamana kwa sababu anajifutia hapo. Mfugaji anapofika kliniki na kusema "daktari, anakula lakini anakonda", donge mara nyingi lina wiki kadhaa.

Mwongozo huu ni kwa madaktari wa mifugo wa kliniki ndogo za Mtwara na Lindi wanaoletewa wanyama hawa, na kwa wafugaji wanaotaka kujua nini wakidai na nini wakikatae. Kisu ni kazi ya daktari aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari chini ya Sheria ya Veterinari ya 2003. Kalunguyeye ni mnyamapori, kwa hiyo anayemfuga awe na kibali.

Mnyama wa gramu 400, au hata wa kilo 2, mara chache huuawa na uvimbe wenyewe siku ya upasuaji. Humuua damu kidogo iliyodharauliwa, mwili uliopoa, au tumbo lililosimama kwa sababu hakula siku nzima. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo haya ni ya kabla na baada ya kukata.

Jua ni donge gani kabla ya kushika kisu

Donge gumu kwenye taya la chini la sungura, shuku kwanza jipu la mzizi wa jino. Sungura ana meno 28 na simbilisi 20, na yote yanaota maisha yao yote. Jino lisiposagika vizuri linasukuma mzizi ndani ya mfupa, mfupa unatoboka, usaha unaingia. Choma donge kwa sindano namba 21 au nene zaidi; namba ikiwa ndogo, sindano ni nene. Usaha wa sungura ni mzito kama dawa ya meno. Ukitumia sindano nyembamba ya namba 25 hakitoki kitu, nawe utadhani umekutana na nyama. Kwa sababu ya uzito huo, kulitoboa na kulikamua hakusaidii. Linarudi baada ya siku chache. Jipu la namna hiyo huondolewa pamoja na ganda lake na jino lililolianzisha.

Kwa simbilisi, donge chini ya koo mara nyingi ni tezi zilizojaa usaha wa bakteria aina ya streptokoka. Sungura kijana mwenye vinundu vidogo vyeupe chini ya ulimi huenda ana papiloma ya virusi, ambayo kwa kawaida huondoka yenyewe ndani ya wiki au miezi. Usimkatekate ulimi kwa hiyo. Sungura au simbilisi mzee anayekoroma puani, na eksirei inaonyesha bonge la tishu ya jino kwenye mzizi wa jino la mbele, ana uvimbe usiosambaa mwilini lakini unaoziba njia ya hewa. Wanyama hawa hutegemea pua kupumua, kwa hiyo uvimbe huo ni hatari hata kama si saratani.

Kalunguyeye anahitaji macho makali zaidi. Akiwa na miaka 3 au zaidi, jino limelegea, fizi imevimba upande mmoja na damu inachuruzika, mhesabu kuwa ana saratani ya ngozi ya kinywa mpaka maabara iseme vingine. Kosa linalorudiwa ni kung'oa jino lile, kumpa antibayotiki, kisha kumwongezea nyingine wiki mbili baadaye. Tundu la jino lisilofunga baada ya wiki mbili lichukuliwe kipande cha tishu cha kupimwa maabara siku hiyo hiyo.

Kukagua kinywa bila dawa ya usingizi hakutoshi. Mdomo wa sungura hufunguka kidogo na mashavu yanaziba magego. Mwangalie kwa kifaa cha kukagulia masikio, halafu mlaze usingizi mwepesi umalize kazi zote kwa pamoja: ukaguzi, eksirei, sindano na kipande. Eksirei ya kichwa ipigwe ubavuni, kwa mshazari kulia na kushoto, na kutoka juu. Mashine ya meno ya binadamu yenye filamu au sensa ndogo hutoa picha safi sana ya taya la simbilisi, hivyo kuelewana na kliniki ya meno ya jirani ni jambo la maana. Piga na kifua. Mapafu yakishakuwa na madoa ya uvimbe, upasuaji wa taya hauna faida kwa mnyama.

Kipande cha maabara kiwe cha milimita 3 hadi 4, kitoke pembeni ya uvimbe ulio hai. Ukikata katikati palipooza utajibiwa "usaha na seli zilizokufa" na utakuwa umepoteza wiki. Kata mahali ambapo kovu lake litaondolewa pia siku ya upasuaji mkubwa, kwa sababu seli za saratani hufuata njia ya kisu. Tia kwenye fomalini ya asilimia 10, yaani sehemu 1 ya fomalini ya dukani kwa sehemu 9 za maji, na ujazo wake uwe mara 10 ya kipande. Kiache saa 24 hadi 48. Kisigandishwe kwenye friza. Barafu hupasua seli na hakutakuwa na cha kusoma. Andika lebo kwa penseli, maana fomalini ikivuja inafuta wino wa kalamu. Wakala ya Maabara ya Veterinari, TVLA, ina kituo Mtwara; piga simu kwanza uulize kama kazi ya tishu inafanyika hapo au inasafirishwa. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, nacho kinafundisha patholojia ya wanyama. Kama kuna mfupa ndani ya kipande, waeleze: mfupa hulainishwa kwanza, na majibu huchelewa.

Nani apasuliwe

Uvimbe mdogo wa mdomo, wa fizi ya mbele au wa ncha ya taya la chini ndio wenye matumaini. Uvimbe wa nyuma ya taya la juu, hasa kwa kalunguyeye, ukiwa umeingia mfupani karibu na jicho, hauondoleki wote. Kwa saratani kali vitabu vinataka ukate sentimita 1 ya tishu nzima kuzunguka uvimbe. Kwa mnyama mwenye taya jembamba kuliko hiyo sentimita haiwezekani, na mfugaji aelezwe hivyo kabla hajalipa. Kupunguza donge ili mnyama aweze kumeza kwa muda ni uamuzi halali, ilimradi uitwe kwa jina lake na usiuzwe kama tiba. Mnyama aliyepoteza robo ya uzito wake, hafungui mdomo na analia akiguswa, heshima anayostahili ni sindano ya kumpumzisha milele bila maumivu.

Upande mmoja wa taya la chini la sungura ukiondolewa pamoja na magego yake, magego ya juu ya upande ule hayana tena cha kusagana nacho. Yataota hadi yachane fizi. Mfugaji wa Nachingwea au Newala anayekubali upasuaji huo amekubali pia kurudi kila wiki 4 hadi 8 kwa kusagwa meno, maisha yote ya mnyama. Kama nauli hiyo haipo, upasuaji huo haumfai.

Maandalizi

Mnyama asafiri usiku au alfajiri, ndani ya boksi lenye matundu, karibu na abiria, si kwenye buti la basi. Chupa ya maji yaliyoganda iliyofungwa kwenye khanga iwekwe upande mmoja wa boksi ili achague kusogea au kukaa mbali. Joto la pwani yetu likizidi nyuzi 30 sungura huanza kuhema, na anayehema hafai kulazwa usingizi siku hiyo. Majani yawemo njiani.

Aliyekonda apewe siku 3 hadi 5 za kulishwa kwa bomba la sindano kwanza. Simbilisi hawezi kujitengenezea vitamini C na kidonda chake hakifungi bila hiyo: mpe miligramu 50 kwa siku, nusu ya kidonge cha miligramu 100 kilichosagwa, pamoja na mapera.

Sungura na simbilisi hawatapiki, kwa hiyo usiwalaze njaa usiku kucha. Ondoa chakula saa 1 au 2 kabla, kwa ajili tu ya kinywa kuwa kitupu, kisha suuza kinywa cha simbilisi kwa maji kwa sababu huficha majani nyuma ya mashavu. Majani hayo ndiyo humziba koo usingizini. Kalunguyeye anaweza kutapika. Mnyime chakula saa 4. Mpime kwa mizani ya jikoni inayosoma gramu, asubuhi ile ile, na andika ukutani kiasi cha kila dawa kabla ya kuvuta hata tone.

Tuseme wazi juu ya ketamini na zailazini, dawa za usingizi za sindano, kwa kuwa ndizo zinazopatikana. Kiwango cha ketamini miligramu 35 na zailazini miligramu 5 kwa kilo kilitokana na sungura wa maabara, vijana na wenye afya. Kwa mzee aliyekonda kiwango hicho ni kikubwa mno. Anza na chini ya nusu, ongeza kidogo kidogo, na acha ganzi ya mahali ifanye kazi iliyobaki. Kama una mashine ya isoflureni, dawa ya usingizi ya kuvuta puani, kinyago kidogo kikae puani tu na mdomo ubaki huru kwa kazi. Mpe oksijeni dakika 5 kabla.

Ganzi ndiyo yenye mtego. Lignokaini ya asilimia 2 ina miligramu 20 katika mililita 1, na kikomo salama ni miligramu 2 kwa kilo. Sungura wa kilo 2 anastahili mililita 0.2. Simbilisi wa gramu 800 anastahili mililita 0.08, yaani alama 8 kwenye bomba la insulini la vipimo 100. Ichanganye na maji ya chumvi kiasi sawa ili ienee. Katriji moja ya ganzi ya meno ya binadamu, mililita 1.8, ina miligramu 36. Ikiingia yote kwa simbilisi huyo ni zaidi ya mara 20 ya kikomo. Kwa ncha ya taya la sungura, choma kwenye tundu la mshipa wa fahamu lililo ubavuni mwa taya, mbele kidogo ya gego la kwanza. Vuta bomba kidogo uone kama kuna damu kabla ya kusukuma.

Upasuaji wenyewe

Anza saa 1 au saa 2 asubuhi kabla joto halijapanda. Vaa taa ya kichwani yenye chaji, umeme usikukute mdomo uko wazi. Mezani kuwe na kisu namba 15, mkasi mdogo wa macho, vibano vidogo vya kushika mishipa, kipanua mashavu, mashine ya meno yenye kichwa cha kusagia, na nyuzi zinazoyeyuka za 4-0 au 5-0. Katigati, uzi wa utumbo wa mnyama, usiitumie kwa sungura. Mwili wake huikataa na kuizungushia usaha.

Mlaze pua ikiwa chini kidogo kuliko koo ili damu itoke nje badala ya kuingia mapafuni. Weka kipande cha gozi kooni, chenye uzi mrefu unaoning'inia nje, na uandike ukutani kwamba kimo. Chini ya mnyama weka chupa ya maji ya vuguvugu iliyofungwa kitambaa, hata kama nje kuna jua kali: mnyama aliyelowa, chini ya feni, hupoa haraka. Kipimajoto kibaki kwenye njia ya haja. Sungura awe kati ya nyuzi 38.5 na 40, simbilisi kati ya 37.2 na 39.5, kalunguyeye kwa kawaida ni wa chini zaidi, 35 hadi 37, kwa hiyo usimpashe moto ukidhani amepoa.

Damu ihesabiwe. Simbilisi wa gramu 800 ana takriban mililita 56 mwili mzima. Asilimia 10 yake ni zaidi kidogo ya kijiko kimoja cha chai, na ukifikia mara mbili ya hapo uko hatarini. Pima gozi kavu kwenye mizani, pima tena ikilowa. Kila gramu iliyoongezeka ni kama mililita moja. Kalunguyeye wa gramu 400 hana nafasi ya kupoteza hata mililita 3 bila kuonekana. Damu ikitoka, bana kwa gozi dakika 3 kwa saa ya ukutani bila kuchungulia. Ukichungulia kila nusu dakika unabandua damu iliyoanza kuganda na kuanza upya.

Uvimbe wa fizi au mdomo usio wa saratani, kata ukiacha milimita 2 hadi 3 za tishu nzima pande zote, mpaka kwenye mfupa, na usage uso wa mfupa pale ulipokaa. Mashine ya kusagia imwagiwe maji ya chumvi muda wote, kwa kuwa mfupa uliopata moto hufa na baada ya wiki mbili utakuwa na kidonda kisichofunga. Jino lisikatwe kwa koleo wala kikata kucha. Hupasuka kwa urefu hadi mzizini na kuanzisha jipu.

Ukitumia kifaa cha kuchoma mishipa kwa umeme, funga oksijeni kwanza na usubiri kidogo. Cheche, oksijeni, manyoya na gozi kavu mdomoni ni moto, na moto huo huwaka kweli.

Ncha ya taya la chini ikiondolewa, meno ya mbele huenda nayo. Hapo usiache kipande cha mzizi. Tishu inayootesha jino iko kwenye ncha yake ya ndani, na ikibaki jino huota upya likiwa limepinda na kutoboa ngozi. Angalia eksirei kujua mzizi unaishia wapi. Wa sungura huishia karibu na gego la kwanza. Meno ya mbele ya juu nayo yang'olewe, yote manne, yaani makubwa mawili na yale madogo mawili yaliyojificha nyuma, kwa kuwa hayatakuwa na cha kusagana nacho. Yalegeze taratibu kwa sindano namba 18 iliyopindwa, ukiizungusha pembeni ya jino mpaka lenyewe likubali. Ukivuta kwa nguvu litakatikia ndani. Sungura bila meno ya mbele huishi vizuri, akikatiwa majani vipande vifupi.

Shona bila kuvuta. Utando wa kinywa unaovutwa hufunguka siku ya 3 au ya 4, chakula kikaingia. Mafundo yafichwe ndani, maana ulimi hauachi kuyatafuta. Kipande ulichokitoa kitiwe alama: uzi mmoja upande wa mbele, nyuzi mbili upande wa juu, ili maabara iseme ni ukingo gani bado una saratani. Toa gozi ya kooni. Futa maandishi ya ukutani baada ya kuishika mkononi, si kabla.

Saa 48 za kwanza

Alale kifudifudi, kichwa chini kidogo, mpaka ashike shingo mwenyewe. Dawa ya maumivu isisubiri aonyeshe. Sungura mwenye maumivu hukaa kimya pembeni macho yamefumbwa nusu, akisaga meno. Meloksikamu miligramu 1 kwa kilo kwa siku kwa sungura, nusu yake kwa simbilisi, 0.2 kwa kalunguyeye, ila mwili uwe na maji ya kutosha kwanza. Kidonge cha binadamu cha miligramu 7.5 kikisagwa katika mililita 7.5 za maji hutoa miligramu 1 kwa mililita; tikisa kila mara, tengeneza kipya kila siku.

Antibayotiki za mdomoni ndizo zinazowaua sungura na simbilisi baada ya upasuaji uliofanikiwa. Amoksilini, ampisilini, penisilini na klindamaisini zikipitia mdomoni huua bakteria wazuri wa tumbo, wale wabaya wakazaliana, mnyama akaharisha na kufa ndani ya siku chache. Sindano ya penisilini na streptomaisini iliyoko kila duka la dawa za mifugo nayo isimguse simbilisi kabisa. Enrofloksasini miligramu 10 kwa kilo, au trimetoprimu na salfa miligramu 30 kwa kilo kila saa 12, ndizo za kuanzia, na metronidazo iongezwe kama kuna uozo.

Chakula kianze mara anapomeza vizuri, kwa kawaida saa 1 au 2 baada ya kuamka. Saga chakula cha punje cha sungura kiwe unga, loweka katika maji ya vuguvugu mara mbili ya ujazo wake, chuja, vuta kwenye bomba la mililita 1 lililokatwa ncha na kulainishwa. Ingiza pembeni mwa mdomo, upande usio na mshono, nusu mililita kwa wakati, ngoja ameze. Kisamvu kibichi usikitumie. Kina sumu ya sianidi. Lengo ni mililita 50 kwa kilo kwa siku, zikigawanywa mara 5 au 6: sungura wa kilo 2 apate karibu 20 kila mlo, simbilisi wa gramu 800 karibu 7. Kalunguyeye apewe yai la kuchemsha lililopondwa au nyama ya kusaga laini.

Hesabu kinyesi. Kama saa 12 zimepita bila punje hata moja, au punje zimekuwa ndogo na kavu, mwite daktari, usingoje asubuhi. Uzito upimwe kila siku saa ile ile. Kushuka kwa asilimia 10 ni sababu ya kumrudisha.

Banda liwe na taulo au kitambaa safi badala ya vumbi la mbao, ambalo hunasa kwenye mshono. Lifunikwe chandarua, kwa kuwa nzi wa kwetu hutaga kwenye mate na damu ndani ya siku moja na funza huanza kesho yake. Miguu ya banda isimame kwenye makopo yenye maji na mafuta ya taa kidogo dhidi ya siafu. Kola ya shingoni usimvishe sungura wala simbilisi. Inamzuia kula kinyesi laini cha usiku anachokihitaji. Mdomo usuuzwe mara 2 kwa siku kwa klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, iliyozimuliwa hadi asilimia 0.05 au 0.1, si spiriti wala Dettol.

Mshono ukaguliwe siku ya 3, ya 7 na ya 14. Baada ya hapo pima uzito kila wiki nyumbani, na kila mwezi daktari afungue mdomo na kupapasa tezi za chini ya taya. Majibu ya maabara yakisema ukingo una saratani, amua ndani ya wiki mbili kama kuna mfupa wa kuongeza kukata. Donge likishaonekana tena kwa macho, nafasi hiyo mara nyingi imepita, na kinachobaki ni dawa ya maumivu, chakula laini na kuchagua siku ya kumpumzisha kabla hajaacha kula.